Mpe Mtoto Wako Tuta Lake Mwenyewe

Mkulima, kama shamba lako liko katika skimu ya makao, huenda lilipimwa na kukatwa kabla wewe hujazaliwa. Mpango mkubwa wa kuwagawia wananchi mashamba yaliyokuwa ya walowezi ulianza mwaka 1962. Wengi wa wale waliopewa vipande wakati ule sasa ni wazee sana au wamekwisha kufariki, na ardhi ile imegawanywa kwa wana, na mahali pengine hata kwa wajukuu. Kipande kinazidi kuwa kidogo na wenye kukitegemea wanazidi kuwa wengi. Shamba kubwa humsamehe mtu makosa yake, lakini shamba dogo halisamehi.

Sasa tazama yule mtoto wako wa miaka minane au kumi. Anajua kuchota maji, kuwafukuza ng'ombe wasiingie katika mahindi, na kupalilia akiamriwa. Lakini mwulize kwa nini wewe hupanda maharagwe katikati ya mahindi, au maji ya mvua huenda wapi yakitoka katika kilima chako. Watoto wengi hawawezi kujibu, kwa maana hakuna aliyewaonyesha. Wamefanya kazi shambani kila siku, na wasijifunze neno.

Kazi na mafunzo si kitu kimoja. Mtoto anayepalilia mistari kumi ya mahindi chini ya jua amekusaidia, nayo ni kazi nzuri, lakini alichojifunza ni kwamba jembe ni zito. Tena kuna desturi mbaya ambayo imedumu muda mrefu katika shule nyingi, ya kumpa jembe mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani, akalime kama adhabu. Mtoto kama huyo anafundishwa kwamba ukulima ni malipo ya makosa. Tusishangae basi akimaliza masomo na kukimbilia mjini hata kama hakuna kazi anayoijua huko.

Yafaa mtoto awe na mahali pake padogo, ambapo yeye ndiye mwenye kupanda, mwenye kungoja, na mwenye kuvuna. Jambo hili si geni. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi mama yake alivyompa bustani ndogo katikati ya shamba lake huko Ihithe, Nyeri. Akiwa mtoto alikuwa na haraka, akawa anafukua mbegu aone kama zimeanza kuota. Mama yake hakumpiga wala kumnyang'anya bustani. Alimwambia azifunike tena na kuziacha, kwa kuwa mbegu hujifanyia kazi yake yenyewe. Mama yule hakuwa mwalimu wa shule, wala hakuhitaji kuwa mwalimu wa shule ili kufundisha somo lile.

Namna ya kuchagua tuta

Usimpe mtoto kile kipembe chenye mawe ambacho wewe mwenyewe umeshindwa nacho. Wazazi wengi hufanya hivyo, na mtoto huona wazi kwamba amepewa kilichobaki. Mpe mahali penye udongo mzuri, karibu na nyumba na karibu na maji, ambapo kuku hawafiki au panaweza kuwekwa ua wa miti. Urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 watosha. Upana usizidi hapo, kwa sababu mtoto anapaswa kufikia katikati kwa mkono akiwa amesimama pembeni, bila kukanyaga udongo uliotifuliwa. Kama una watoto watatu, fanya matuta matatu. Tuta la watu watatu huwa halina mwenyewe, na magugu ndiyo yatakayolirithi.

Binti apewe sawa na mvulana. Katiba ya 2010 haimbagui binti katika mambo ya ardhi, na kila mkulima anajua ni nani hasa hushika jembe siku nyingi zaidi katika shamba lake.

Mtoto hana subira ya mtu mzima, kwa hiyo mimea ya kwanza iwe ya kuota upesi. Figili hukomaa kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Maharagwe huchomoza kwa wiki moja penye joto, na penye baridi hukawia zaidi. Sukuma wiki ni nzuri kwa kuwa mtoto akianza kuchuma majani ataendelea kuchuma miezi mingi. Ninyi mnaoishi sehemu za baridi kama Kinangop na Ol Kalou mnajua kwamba sakitu huyaua maharagwe kwa usiku mmoja. Afadhali mtoto apande njegere, au minji kama wengi waziitavyo, ambazo huvumilia baridi zaidi. Acha pia mahali pa mashina manne au matano ya mahindi, kwa sababu ya somo nitakalolieleza baadaye.

Mambo ya kumwonyesha

Kabla ya kupanda, chukueni chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, mkaikate shingo. Mtoto akunje gazeti kuukuu, alilowanishe, alisimamishe kwa kuzunguka upande wa ndani wa chupa, kisha apachike punje tatu za maharagwe na tatu za mahindi kati ya gazeti na plastiki. Tumieni mbegu kutoka ghalani kwenu. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi zimetiwa dawa ya sumu na mtoto asizishike. Baada ya siku chache ataona kwamba mzizi ndio hutoka kwanza nao huelekea chini, hata kama punje imepachikwa kichwa chini. Mwambie ailaze chupa kwa ubavu siku mbili, naye ataona mzizi umepinda kuitafuta ardhi tena. Ataona pia kwamba haragwe hujivuta kwa shingo iliyopinda, likainua vipande vyake viwili juu, lakini punje ya mahindi hubaki chini ikapeleka juu mche mmoja uliochongoka kama mkuki. Mtoto aliyeona hayo ataelewa kwa nini haragwe lililofukiwa chini sana, au lililo chini ya udongo uliogandamana, hushindwa kutoka: lina mzigo mkubwa wa kuinua.

Maharagwe yakianza kutoa maua, chagueni shina moja mling'oe taratibu kwa uma au jembe, bila kulivuta kwa nguvu, mkaoshe mizizi katika ndoo. Mtoto ataona vifundo vidogo vimeshikamana na mizizi. Akipasua kimoja kwa ukucha, ndani kitakuwa chekundu-chekundu kama kinafanya kazi. Ndani ya vifundo hivyo mna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huchukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Hii ndiyo sababu ya babu na bibi kupanda maharagwe pamoja na mahindi, na ndiyo sababu inafaa kuacha mizizi ya maharagwe ardhini wakati wa kuvuna, mkakata shina tu. Lakini angalieni vizuri: kifundo kizuri hubanduka kwa urahisi. Kama ni mzizi wenyewe uliovimba na uvimbe haubanduki, hiyo ni kazi ya minyoo midogo sana inayoharibu mizizi, na tuta hilo lipandwe kitu cha namna nyingine msimu ujao. Watu wazima wengi hawajawahi kutazama jambo hili hata mara moja, kwa hiyo huenda baba na mtoto wakajifunza siku moja.

Sasa yale mahindi machache. Gunzi linapoanza kuchomoza, na kabla nywele zake hazijatoka, mtoto alifunike gunzi moja kwa mfuko wa karatasi na kuufunga chini kwa uzi. Aliache hivyo wiki tatu hivi, mpaka vumbi la maua ya juu limekwisha kuanguka. Wakati wa kuvuna amenye gunzi lile na gunzi la jirani yake ayaweke pamoja. Lile lililofunikwa litakuwa halina punje, au litakuwa na chache tu. Hapo mweleze kwamba kila unywele mmoja umeungana na punje moja, na unywele usiopata vumbi la maua hauzai kitu. Atakapokuwa mtu mzima na kuona magunzi yenye mapengo baada ya ukame au baada ya wadudu kula nywele, hatasema kwamba amerogwa au kwamba mbegu ilikuwa mbaya. Atajua mahali pa kutazama.

Somo la udongo halina gharama. Jazeni chupa udongo hadi theluthi moja, ongezeni maji, mtoto aitikise kwa nguvu kisha aiweke mezani. Mchanga huanguka chini kwa dakika moja au mbili. Udongo laini hufuata kwa saa kadhaa, na ule mfinyanzi mwembamba kabisa waweza kukaa siku nzima au zaidi kabla maji hayajawa safi. Fanyeni na udongo wa tuta, na udongo wa njia ya ng'ombe, na udongo wa bondeni, mzipange chupa tatu pamoja. Mtoto atasoma shamba lenu lote katika chupa hizo.

Lakini kama mna nafasi ya somo moja tu katika mwaka, na liwe hili la mmomonyoko. Kateni mitungi miwili ya lita 5 kwa ubavu iwe kama mabeseni marefu. Katika mmoja tieni udongo mtupu. Katika mwingine tieni udongo ule ule, mkaufunika kwa nyasi kavu au kipande cha majani kilichobanduliwa pamoja na mizizi yake. Inamisheni yote miwili sawasawa kwa kuweka jiwe chini yake, midomo ikielekea katika vikombe viwili. Mtoto amwagilie kila mmoja kwa mkebe wenye matundu, maji ya kipimo kimoja. Kikombe cha kwanza kitajaa upesi maji mekundu. Cha pili kitajaa polepole, na maji yake yatakuwa karibu kuwa safi. Siku ya mvua kubwa mchukue mtoto mkasimame chini ya mteremko wa shamba mtazame rangi ya maji yanayoingia mtoni. Mkulima ambaye amekataa kwa miaka kumi kuchimba fanya juu au kupanda nepia kwenye kingo, huenda akaona haya mbele ya mtoto wake kuliko alivyoona mbele ya Bwana Shamba.

Mvua nayo ipimwe. Tafuteni mkebe ulionyooka kuanzia chini hadi juu, mkaufunge juu ya mti uliochomekwa mbali na paa na miti. Usiwe mkebe uliokuwa na dawa ya wadudu. Kila asubuhi saa ile ile mtoto atumbukize rula, aandike milimita katika daftari, kisha amwage maji. Hapa hesabu ya shule inakuwa na maana. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Tuta lake lina mita mraba 2, kwa hiyo mvua ya milimita 10 imemwagia tuta lita 20, yaani mtungi mmoja mkubwa ambao hakuubeba kutoka mtoni. Ekari moja ina mita mraba 4,047. Mwache ahesabu mwenyewe kwamba mvua ile ile imeleta zaidi ya lita 40,000. Daftari hilo likiwekwa miaka michache litakufaa hata wewe, kwa maana kumbukumbu ya mtu juu ya mvua hudanganya sana.

Wadudu

Watoto hupenda wadudu kuliko mimea, na si jambo la kukataza. Macho yao ni makali na vimo vyao ni vifupi, basi huona vitu ambavyo sisi hupita juu yake. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, mahindi yanahitaji kutazamwa kila baada ya siku chache tangu yanapoota. Mfundishe mtoto alama: juu ya kichwa cha kiwavi kuna mistari myeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za meza. Mayai hukaa kwa kundi juu ya jani, yamefunikwa kwa manyoya laini kama ukungu. Kundi moja likifinywa kwa kidole, viwavi wengi sana wamekufa kabla hawajala kitu. Kwa shamba dogo kazi hii ya mikono ni ya faida kabisa ikifanywa mapema.

Lakini asifundishwe kwamba kila mdudu ni adui. Yuko yule mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye hula vidukari wanaofyonza sukuma wiki. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Ni mweusi, mrefu, wa kuchukiza, na watu wengi humponda wakidhani ni mharibifu, na kumbe yeye hula vidukari vile vile. Nyungunyungu aachwe aendelee kuchimba. Nyuki asifukuzwe katika maua ya maboga. Onyesha pale ua la kiume lenye kikonyo kitupu, na ua la kike lenye boga changa chini yake. Bila nyuki boga lile changa litanyauka na kuanguka.

Habari ya dawa ni fupi. Mtoto asipige dawa, asichanganye dawa, asiwe karibu unapopiga, na asipewe chupa yake tupu kuchezea wala kuchotea maji. Tuta lake lisipigwe dawa hata kidogo. Wadudu wakila nusu ya majani, nalo ni somo. Aoshe mikono kwa sabuni baada ya kushika samadi, na jembe lake liwe jepesi lenye mpini mfupi. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto asifanyizwe kazi ya kumdhuru au ya kumzuia masomo, basi nusu saa jioni baada ya shule yatosha kwa tuta la ukubwa huo.

Mavuno ni ya nani?

Hapa ndipo wazazi wengi huharibu. Mtoto hupanda kabichi, hupalilia, humwagilia, na siku zinapokomaa mgeni hufika na mama huzikata bila kuuliza. Au baba huziuza pamoja na zake, na fedha hazionekani. Mtoto hatasema neno, maana amefundishwa adabu, lakini hatapanda tena kwa moyo. Kama ulisema tuta ni lake, basi mavuno ni yake. Ukitaka kabichi yake, mwombe au nunua kwa bei ya soko. Aandike katika daftari alichotumia na alichopata, ijapokuwa ni shilingi 50 tu. Akitaka kununua kalamu au kifaranga kwa fedha hizo, na anunue. Ukiona anataka kuzila zote kwa peremende, mshauri, lakini usimnyang'anye.

Vile vile usiamke alfajiri kumpalilia kwa siri ili tuta lionekane zuri mbele ya majirani. Akisahau kumwagilia na miche ikafa, mwulize anafikiri ni kwa nini imekufa, kisha mpe mbegu nyingine.

Shuleni pia kuna msaada. Vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962, mwaka ule ule wa mpango wa makao. Vilififia baadaye, kisha vikafufuliwa na Serikali mwaka 2021. Mtaala wa umilisi nao umeingiza ukulima katika masomo ya watoto. Uliza katika mkutano wa wazazi kama shule yenu ina klabu na kama ina bustani. Kama haina bustani kwa kukosa ua au maji, huenda wazazi kumi wenye miti na siku moja ya Jumamosi wakaondoa shida hiyo. Na kama jembe bado linatumika shuleni kwa adhabu, lisemeni jambo hilo kwa mwalimu mkuu kwa heshima, mbele ya wazazi wote. Mwalimu apewe viboko vingine vya kutishia, kama lazima atishie, lakini jembe liachwe.

Kwa wale wanaongoja mvua za Machi, tuta lichimbwe wiki tatu mbele, ndoo mbili za samadi iliyooza vizuri zichanganywe na udongo, na juu pafunikwe nyasi kavu. Samadi mbichi huunguza miche, basi isitumiwe. Mtoto achague mbegu mwenyewe mkienda sokoni. Mvua ya kwanza ikinyesha na mkebe ukaonyesha milimita 20 au zaidi kwa siku mbili, apande.